Kiangazi Bibi Alipokataa Kushushwa Chini

Kiangazi cha Ibra, mji wetu ulio safari ya saa mbili kutoka Muscat, kina sauti moja, nayo ni ngurumo ya mukayif. Hivyo ndivyo tunavyokiita kiyoyozi nyumbani kwetu, kwa Kiarabu cha hapa, hata tukiwa katikati ya Kiswahili cha Unguja cha wazee wetu. Joto likishaingia, mpaka tende ziishe kushushwa mitendeni na watu wapumue, mashine hizo hunguruma usiku na mchana, maji yanadondoka kutoka kwenye mipira yao ukutani, na njiani hapana mtu ila paka aliyejilaza chini ya gari. Nimekulia ndani ya ngurumo hiyo. Madirisha ya nyumba yetu sikuwahi kuyaona wazi. Nilidhani dirisha ni kitu cha kutundikia pazia. Mgeni akitarajiwa, kabla hata ya kuwaza kahawa na halwa, majlisi, chumba cha wageni, huanza kupozwa tangu mapema, maana kumkalisha mtu kwenye joto ni kumvunjia heshima. Na aliyeipenda baridi ile kutushinda sote ni Bibi Zuwena, mama yake Baba. Watu hudhani kwa kuwa alizaliwa Unguja mjini, kwenye nyumba isiyokuwa hata na pangaboi, basi atakuwa anatamani upepo wa dirishani. Wapi! Yeye husema joto alilila utotoni mpaka akashiba, na hana haja ya kuongezwa.

Nilipokuwa na miaka kumi, goti la kulia la Bibi lilimkatalia kabisa. Kuinama hawezi, kuinuka mpaka ashikwe, na kusali akawa anasalia kwenye kiti. Maumivu aliyavumilia, lakini kiti hakukivumilia. Ramadhani ile, kwenye tarawehe, walimweka pembeni mwisho wa safu ya wanawake, wenziwe wamesimama bega kwa bega, yeye amekaa kama aliyekuja kutazama. Alirudi nyumbani akalia, na Bibi si mtu wa kulia. Akamwambia Baba kwamba kabla hajafa anataka kusimama mbele ya Mola wake kwa miguu yake miwili, basi, hana ombi jingine. Baba akahangaika huku na huko, akapata hospitali Ujerumani, upande wa kusini, wanakobadilisha magoti. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi ndiye nikachukuliwa niwe mwanamke wa safari: kumshika Bibi msalani, kumfunga viatu, na kutumia Kiingereza changu cha shule pale kitakapohitajika.

Mtaa mzima ulitufunga mizigo. Ulaya ni baridi, kila mtu alisema, hata wale ambao hawajavuka Muscat. Yakaletwa masweta yanayonuka vidonge vya nondo, soksi nene, blanketi, na shangazi mmoja wa Al Qabil akatuazima kofia ya manyoya ambayo hatukujua aliipata wapi. Bibi alishuka ndege amevaa sweta mbili juu ya nguo zake. Tulipotoka nje ya uwanja, joto likatupiga usoni kama tumefungua tanuri la mkate. Dereva wa teksi alikuwa ameteremsha vioo vyote, jasho linamtoka, na hewa iliyoingia ilikuwa ya moto. Bibi akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, halafu akaniuliza taratibu kama nina hakika ndege haikugeuza njiani ikaturudisha kwetu.

Tulipanga ghorofa ya juu kwenye nyumba ya mjane mmoja, Bi Marta, aliyekaa ghorofa ya chini yetu. Alikuwa mrefu, mkavu, na mwepesi kwa umri wake, mwenye Kiingereza kidogo ambacho mimi na yeye tulikigawana. Baba alipapasa kuta zote akitafuta swichi ya mukayif. Hapakuwa na swichi, wala mukayif, wala pangaboi. Akarudi mjini kutafuta cha kununua, mimi nikamfuata, na huko ndiko udadisi wangu ulikopata kazi. Mama husema nilizaliwa nikiuliza. Niliwauliza wote: kwa nini hamna? Dereva akasema joto lenyewe ni la wiki mbili tu, nani anunue mashine ya wiki mbili? Mwenye duka akasema feni zimekwisha, na mashine hizo zinakula umeme na kuichafua dunia, na alisema hivyo akitutazama kama tuliomwomba bangi. Nesi wa hospitali akashika shingo yake kunionyesha namna upepo wa mashine unavyomkaza mtu mishipa. Nilistaajabu, maana kila mmoja alikuwa na sababu yake na hakuna aliyeona ajabu kutokwa na jasho.

Baba yeye hakustaajabu, aliingiwa na shaka. Kwetu ukali wa baridi ndio kipimo cha mahali. Benki nzuri ni ile unayotoka unatetemeka. Sasa hospitali gani hii, akawa ananong'ona, isiyokuwa na mukayif hata pale pa kungojea? Alidhani ameletwa pahala pa ovyo, akapiga simu Ibra kuuliza kama hapakuwa na nyingine. Na watu wenyewe ndio waliozidi kututatiza, kwani bustanini walijilaza juani nusu uchi, wamejianika kama makopa. Bibi akajifunika uso kwa ukaya wake, akataka nimuulizie Bi Marta watu hawa wamekosa nini hata wakajiadhibu hivyo. Bi Marta akacheka, akasema majira yao ya baridi ni marefu na ya giza, na jua likija ni mgeni, humfungii mgeni mlango.

Maneno hayo hayakumzuia yeye mwenyewe kulifungia jua mlango kila siku. Na hapo ndipo ilipoanza vita ya madirisha. Bibi, alipokosa mashine, alirudi kwenye elimu ya Unguja: asubuhi alifungua madirisha yote wazi, upepo uingie utoe joto. Unguja upepo unatoka baharini, umepoa. Kule ulitoka kwenye lami. Bi Marta akiona madirisha yamefunguka alipanda ngazi, akagonga, akaingia, akafunga yote na kuteremsha vile vifuniko vyao vya nje mpaka nyumba ikawa giza tupu. Akishuka tu, Bibi ananiamuru nifungue. Magharibi ikifika Bi Marta anapanda tena, sasa anafungua alivyofunga, na akitoka Bibi ananiamuru nifunge, kwa sababu upepo wa usiku ni adui wa mifupa na wapita njia wana macho. Kila mmoja alimwona mwenziwe hajui kuishi. Mchana kutwa tuliingiza joto, usiku kucha tukalifungia ndani, na tukashangaa kwa nini hatulali.

Wiki ya pili daktari akampima Bibi, akabadilika uso. Presha ilikuwa juu mno, na mtu wa presha ile hatiwi kisu. Akaeleza kwamba Bibi halali na hanywi maji, na kweli hakuwa akinywa, kwani kila bilauri ilimaanisha safari ya msalani na goti lile. Presha isiposhuka kabla ya Alhamisi, operesheni itasogezwa mpaka vuli, na likizo ya Baba ilikuwa inakwisha wiki ile ile. Tuliporudi nyumbani Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ndogo, "Basi nirudishe Ibra, mwanangu. Nitasali kwenye kiti mpaka nife." Baba akaenda kuosha uso, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilimwonea Bibi huruma, na nilimwogopa pia, kwa sababu sikuwahi kumsikia akikata tamaa.

Bi Marta alikuwa ametupita ngazini akatusoma nyuso. Niliposhuka akaniuliza, nikamweleza kwa maneno niliyokuwa nayo. Akanishika mkono, akaonyesha chini. Nyumba zao zina chumba kilichochimbwa ardhini, wanamowekea viazi, baiskeli na mitungi ya matunda. Huko, alisema, ndiko yeye hukaa mchana joto likizidi, na Bibi anakaribishwa. Nilipanda mbio kupeleka habari njema. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza kanga yake, akasema, "Mwambie ahsante. Mimi chini nitashushwa mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari." Baba akajaribu kumbembeleza, hakufika mbali. Mtu mzima, Mwislamu, ajipeleke mwenyewe chini ya ardhi angali anapumua? Alituona tumerukwa na akili.

Lakini mimi hakuna aliyenikataza. Siku ya pili, Baba alipokwenda hospitali kuomba siku za ziada, niliteremka kutazama. Mlango ulikuwa mzito, ngazi za mawe, harufu ya viazi na udongo, na nilipofika chini mikono ikanisisimka. Baridi! Haikuwa na sauti. Hilo ndilo lililonishika, kwa sababu maishani mwangu sikuwahi kuhisi baridi isiyonguruma. Niliweka shavu ukutani, nikaketi juu ya gunia nisikilize vizuri ule ukimya, na mtoto aliyekuwa hajalala usiku kadhaa akalala palepale. Nilizinduka kwa sauti ya Bibi ikiniita kwa jina la ubini, jina ambalo hulitumia akiwa amekasirika kikwelikweli. Alikuwa ameniita juu nisiitike, akahisi nimepotea nchi ya watu, na akashuka ngazi zote zile kwa goti lile, ameegemea ukuta upande mmoja na Bi Marta upande wa pili. Alinigombeza kwa jinsi nilivyostahiki. Halafu akahitaji kupumua, Bi Marta akamsogezea kiti, akakaa. Akashika ukuta kwa kiganja. Niliona mabega yake yakilegea, na baada ya kitambo akaniambia nipande nikamletee msala wake wa kusalia na chupa ya maji.

Tangu siku ile mpaka Alhamisi, mchana wetu ulikuwa chini. Wanawake wawili wale hawakuwa na neno moja la kuelewana, lakini Bi Marta alikuwa na beseni la maharage mabichi ya kukata ncha, na Bibi hawezi kumwona mtu anafanya kazi mbele yake akakaa mikono mitupu. Walikata maharage, wakawa wanasimuliana, mmoja kwa Kijerumani, mwingine kwa Kiswahili, na mimi katikati nikitafsiri nilichokielewa na kubuni nisichokielewa. Bi Marta alipandisha gauni akaonyesha magoti yake, akayapapasa, akatikisa kichwa kumwambia nayo yanaanza. Akasema kisu anakiogopa. Bibi akamwambia asiwe mwoga, yeye ametoka mbali kuja kukifuata. Na kwa kuwa sasa walikuwa watu wa beseni moja, Bibi akakubali madirisha yafungwe mchana na yafunguliwe usiku, kwa sharti pazia liwepo. Tulilala. Presha ikashuka. Akatiwa kisu Alhamisi, na alipozinduka jambo la kwanza aliuliza Kibla kiko wapi.

Ramadhani iliyofuata, kule Ibra, nilisimama ubavuni mwake kwenye tarawehe. Alisimama rakaa zote. Nilimwona machozi yanamtoka na nikajifanya sikuona, kwa adabu.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninafundisha hapahapa Ibra, na Bibi amepita themanini na bado anasimama. Nyumba imeongezwa, vyumba vimeongezeka, na kila chumba kina mashine yake na mlango wa kuifungia baridi isitoke. Kila kiangazi Baba alikuwa akimpigia simu Bi Marta. Joto la kwao siku hizi halina wiki mbili, huja na kurudi, na kwenye habari tunawasikia wakibishana kama wafunge mashine au wasifunge, kwa sababu zilezile nilizoambiwa nikiwa na miaka kumi. Yeye hakufunga. Kila mara Bibi alitaka aulizwe kama anashuka chini, na kila mara Bi Marta alijibu anashuka, kila mchana, na anamsalimu sana.

Kiangazi kilichopita simu ilipokewa na mwanawe, anayekaa mji mwingine. Alituambia mama yake amefariki katika siku za joto kali, peke yake, ndani ya chumba chake. Majirani waliona vifuniko vya madirisha havikupandishwa usiku, wakagonga, hakujibu. Baba akauliza, mbona kile chumba cha chini kipo? Mwanawe akasema magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi tangu kiangazi cha kabla yake, na hakumwambia mtu. Mashine aliwahi kununuliwa akairudisha. Nikamtafsiria Bibi yote, neno kwa neno, safari hii bila kubuni. Nilingoja aseme habari ya mashine, kwamba angeikubali angepona, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nalo mimi kichwani. Bibi akaniuliza, "Hata mtu mmoja wa kumshusha hakuwepo?"

Safari ile nzima niliwauliza watu wale kwa nini hawana mashine, na sikuwahi kuuliza nani anakaa na nani. Tangu siku ya simu ile, kila adhuhuri, wakati kila mmoja wetu amejifungia na baridi yake na nyumba nzima inanguruma, Bibi huinuka kitini bila kushikwa, anapita mlango baada ya mlango, anagonga kwa kifundo cha kidole. "Umo?" huuliza. Nami huinuka nikafungua, nimwonyeshe uso wangu. "Nimo, Bibi."