Kitanda cha Mama Dafroza huko Mkuu

Mwalimu Epifania alikuwa na ulimi mkali, na mwaka ule wa sabini na nane ulimi huo nusura umharibie kila kitu.

Mama yake, Dafroza, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Kila kulipokucha alijifunga khanga kiunoni, akachukua mundu, akateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, kazi aliyoifanya tangu alipoolewa. Ng'ombe mwenyewe alishauzwa miaka mitatu nyuma. Mara ya mwisho walimtafuta siku mbili, wakamkuta kwenye mashamba ya miwa, miguu imechanika, mundu bado mkononi. Wenseslaus, kitinda mimba, ndiye aliyeachiwa kihamba, yaani nyumba na migomba na kahawa yake, pamoja na mama, kama desturi ilivyo. Kwa hofu akaanza kumfunga mama mguu kwa kamba kila alipokwenda kupalilia.

Epifania alipokuja kutoka Marangu, alikoolewa, na kuiona alama ya kamba, hakuuliza wala hakungoja. Alisimama uani akapiga kelele mpaka majirani wakajaa.

"Wense! Mama amekuwa mbuzi? Wewe ni mwanaume gani?"

"Wewe umeolewa, dada," Wenseslaus akajibu. "Hapa si kwako. Usikanyage tena."

Wense alikosea, lakini hakuwa mtu mbaya, na Epifania alilijua hilo kabla hajafika hata barabarani. Aliona aibu. Hata hivyo aliapa kwamba mama hatafungwa tena, na wiki hiyohiyo akaanza kutafuta mahali pa kumweka.

Nyumba ya kwanza ya kutunzia wazee ilikuwa Moshi mjini. Sakafu ya saruji ilimetameta, mashuka meupe pe. "Hapa hatoki mtu," msimamizi alijigamba, akitikisa funguo. Wazee walikaa kwenye benchi moja wakitazama ukuta. Epifania alishukuru, akaaga. Kwake yeye ilikuwa kamba ileile, ila hii ya chuma.

Ya pili ilikuwa ya masista, huko Mkuu, Rombo. Bati lilikuwa na kutu na vitanda vilikuwa sita tu, kimoja kitupu. Aliuliza swali moja: mama akitaka kutoka, itakuwaje?

"Anakata majani, umesema?" Sista Salvina akamwuliza. "Basi atatoka na mwenzake, wakakate. Tuna ng'ombe wanne hapa, Mwalimu, na hawashibi hata siku moja."

Epifania akacheka, kisha akalia palepale mlangoni, tena bila kujificha.

Lakini sista alikuwa na sharti. Mwenye nyumba anakotoka mzee aje mwenyewe, aone, akubali. Walishawahi kumpokea bibi mmoja, wanawe wakaja na mapanga kumchukua.

Kwa hiyo njia ilirudi kwa Wense. Kwa Mchagga, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na anayeletewa sale hakatai kusamehe. Ila dada mkubwa kumpelekea mdogo wake! Epifania alilikata jani lile huku akisonya. Alipofika aliwaita majirani walewale, akampa Wense kwa mikono miwili.

"Nilikutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu." Kisha akamweleza habari za masista wa Mkuu na sharti lao.

Wense alilipokea. "Nimekusamehe, dada. Lakini mama haendi popote. Watasema nimemtupa."

"Watasema, ndiyo. Na akikutwa amekufa kwenye miwa, watasema nini?"

Wense akaligeuzageuza jani mkononi.

"Njoo uone kwa macho yako," Epifania alisema. "Ukikataa tukiwa kulekule, sitasema tena neno."

Ilikuwa ahadi ngumu kuliko zote alizowahi kutoa, na alikusudia kuitimiza.

Jumamosi walikwenda wote watatu, mama akiwa na mundu wake. Wense alibonyeza magodoro, akafunua vyungu, akanusa. Alitafuta kasoro kwa bidii, maskini, kwa sababu bila kasoro angelazimika kukubali.

"Akifa?" aliuliza mwishowe.

"Mtakuja kumchukua, mkamzike kihambani kwenu," alijibu Sista Salvina. "Hilo nakuahidi."

Wense alitia saini. Mama hakuwasubiri. Alikuwa zizini tayari, anamtupia ng'ombe majani na kumgombeza kwa Kichagga kwamba anachagua chakula kama bwana mkubwa. Miezi mingi Epifania hakuwa amemwona ametulia vile. Alisogea kumuaga.

Mama alimtazama kwa makini, akajifuta mkono kwenye khanga, akamshika bega kwa upole.

"Binti, jua linashuka," alimwambia. "Nenda nyumbani. Mama yako atakutafuta."

Wense aligeuka pembeni. Epifania hakumsahihisha mama.

"Naenda, Mama," alisema. Akamshika mdogo wake mkono, wakatoka kutafuta gari la kurudi.