Theluji ya Etterbeek

Harufu ya glavu za sufu zilizolowa ikinijia, nahisi tena kidole cha mama kikinisugua ulimi.

Theluji ilikuwa imeanguka mtaani kwetu Etterbeek, nami nilisimama uani, mdomo wazi, nikiionja. Mama alitoka mbio bila viatu. Alizaliwa Urusi, katika mji mdogo wa kiwanda cha shaba. Kiwanda kilitangulia, nyumba zikafuata, na moshi wake wenye sumu ukawa unashuka pamoja na theluji. Huko ndiko alikozikwa mdogo wake.

"Tema! Tema yote!"

Baba, aliyemfundisha mama Kiswahili cha kwao Lubumbashi, aliita toka dirishani: "Wacha mutoto, maman! Huku hakuna usine ya shaba. Angalia, iko mweupe!"

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kunisugua.

"Hata kwetu ilikuwaka mweupe."