Nusu Saa ya Giza

Mimi sina subira. Mama alikuwa akinitania kwamba uji wangu naunywa ungali jikoni. Na kazi niliyopata ni ya kungoja: nazunguka mashamba ya mihogo Pangani na kamera ya mkono inayopima uhai wa jani. Inalimulika, kisha inasoma mwanga unaorudi. Picha ikitoka bluu, jani ni zima. Ikitoka rangi ya chungwa linakufa, hata kama kwa macho bado ni kijani.

Mama alipofariki nilibaki peke yangu nyumbani Nguvumali, mimi na mwasumini wake wa maua ndani ya debe. Ukaanza kupukutisha majani. Mama nilimuuguza miezi, kila siku nikijidanganya kwamba kesho atakula, na sikutaka kudanganyika tena. Jumapili adhuhuri nikatoa kamera, nikapiga majani matatu pale pale juani. Yote chungwa. Hasira zikanipanda, wallahi. Nikashika panga, nikaukata shinani, nikang'oa na mizizi, nikautupa jaani nyuma ya nyumba. Kisha nikalia, maana sasa hata cha kumwagilia maji sikuwa nacho.

Jumatatu nilikuwa kazini, shamba la Mwera. Nikamwamkia mama mwenye shamba shikamoo, nikaanza kubana majani yake kwa vibanio vyeusi vinavyoziba mwanga. Akauliza kwa nini sipigi tu picha nikaenda zangu. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mkulima, bila hata kufikiri:

"Jani lililotoka juani hutoa majibu ya uongo, mama. Lazima ulitie gizani nusu saa kwanza."

Kibanio kikanidondoka. Akaniuliza kama naumwa, nikasema ni jua. Mganga hajigangi.

Jioni nilifukua jaa. Nikapata tawi lenye jani moja laini bado, nikalibana, nikakaa kizingitini kungoja. Sikuwa na wa kuzungumza naye. Naona aibu kulisema, lakini nusu saa ile nzima nilikuwa naomba picha itoke chungwa.

Ikatoka bluu, jani zima, mpaka kwenye ncha.

Nilichomeka lile tawi kwenye debe, nikalimwagilia wiki tatu. Halikuchipua. Mama nilimngoja miezi. Mwasumini wake ulitaka nusu saa tu.