Bisibisi Moja

Fundi wa ndege za serikali ana vyeti vinne ukutani, lakini wanaomjua hutazama mikono yake. Kila akimaliza kazi hurudisha zana ubaoni moja moja, kila moja juu ya mchoro wa umbo lake, akihesabu kwa kunong'ona kama mama anayehakikisha watoto wote wameingia ndani. Asubuhi ile mchoro mmoja ulibaki mtupu. Bisibisi ndogo haikuonekana. Huenda ilikuwa imebaki ndani ya injini, na waziri alikuwa ameshaketi ndani ya ndege na kufunga mkanda.

"Mzee, bisibisi tu hiyo. Weka saini tuondoke," msaidizi wa waziri alimhimiza. Fundi hakubishana. Alifungua kitabu cha ndege, ambamo saini huthibitisha kuwa ndege ni salama kuruka, akamsogezea kalamu. "Saini wewe, mwanangu, kisha upande ndege." Msaidizi aliitazama kalamu. Halafu akavua koti la suti, akapiga magoti, akaanza kutafuta.