Sari Nyeupe ya Mjomba

Mwaka 2017 tulikuwa na cherehani mbili katika mtaa wa Malvern, mimi na mwenzangu Mtanzania, katika chumba kinachotazama Jules Street. Kazi yetu ilikuwa vitenge vya harusi na vya kwaya, kwa Wakongomani wenzangu hasa. Siku moja akaja mama wa Kihindi kutoka Lenasia, mtaa wa Wahindi upande wa pili wa jiji. Mafundi wake wote walikuwa wamejaa kazi, naye alikuwa na sari saba za binti yake za kushonewa blauzi.

Sari saba za bibi harusi mmoja. Nilipouliza, alinieleza: kuna siku ya hina, siku ya kupakwa manjano, siku ya ngoma, ndoa yenyewe ya sari mbili, kisha karamu za pande zote mbili. Bwana harusi angefika juu ya farasi. Wageni wengine walikuwa wanatoka London.

"Hizi zikiharibika tutanunua nyingine," alisema, akizigusa zilizojaa shanga. "Hii hapana."

Ilikuwa nyeupe yenye pindo jekundu, ya kawaida kuliko zote. Kwao Wagujarati, mjomba ndiye humpa bibi harusi sari hiyo, naye huivaa mbele ya moto wa ndoa. Mjomba huyu aliifuata mwenyewe India kabla miguu haijamkataa.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni la mafundi wa kwetu. Kitenge huja yadi sita, na mkono wa fundi wa Kongo haungoji kuambiwa: gawa mara tatu, ukate. Blauzi, sketi, kipande cha kujifunga. Sari nayo ina yadi kama sita, lakini haigawanywi. Hukatwa kipande cha blauzi tu, nchani. Nilijua hivyo, na sari sita nilizikata vizuri. Ya saba niliikata haraka Ijumaa asubuhi huku nikiongea na mteja, na mkono ukapima theluthi.

Mwenzangu alisogea akatazama. "Dada, umeikata sari ya watu kama kitenge cha kwaya."

"Nimeona."

"Sema imeraruliwa na mashine."

"Mashine gani inararua kwa mstari ulionyooka hivi?"

"Basi hama Malvern."

Ndoa ilikuwa Jumapili. Ningeweza kuunganisha kimyakimya, lakini nguo haikuwa yangu hata niamue peke yangu wavae nini. Nikachukua vipande vyote viwili, sindano na pasi, nikapanda teksi.

Niliwakuta sebuleni. Bibi harusi alikuwa ameinua mikono, hina bado mbichi, na mjomba ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Nilitandaza vipande mezani nikasema nilichofanya. Mama alikaa chini akagusa palipokatwa.

Nilimwomba binti asimame. Nikamzungushia sari kiunoni, nikakunja marinda ya mbele, nikawaonyesha mahali palipokatwa.

"Mshono utaingia humu, katikati ya marinda," nilisema. "Wageni hawatauona. Ninyi mtajua upo."

Mama alimtazama kaka yake. Mjomba akanigeukia.

"Unaweza, au utajaribu?"

"Naweza, mjomba."

"Basi shonea hapa nione."

Nilichomoa nyuzi kwenye sari yenyewe, ili rangi isitofautiane, nikashona kwa mkono. Ilichukua mchana mzima. Vidole vikifa ganzi, wewe unayejifunza kazi hii, pumzika kidogo kisha urudi palepale ulipoishia. Kuharakisha ndiko kulikoniponza mimi.

"Mmekodi farasi," mjomba alimwambia dada yake, "halafu mnalizwa na uzi."

"Farasi hatavaliwa," mama alijibu.

Nilipopiga pasi na kumaliza, mjomba alishika pande zote mbili za mshono akavuta kwa nguvu zake zote. Akavuta tena. Haukuachia hata tundu la sindano.

Alimrudishia binti sari yake, kisha akavua koti lake akanikabidhi.

"Kifungo cha juu kimelegea," alisema. "Na mimi Jumapili nitapigwa picha."