Kalibusana, Herufi Ndogo

Meli ya asubuhi ya kwenda kisiwani Nansio iliniacha Mwanza kwa sababu nilikuwa nyumbani nikihamisha mkato. Nilikuwa nimeandika wasifu wa mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na sentensi moja ilikuwa na mkato mahali pasipostahili. Nafundisha Kiswahili. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Mazishi yake kule yalikuwa saa nane mchana, na meli nyingine ingefika jioni. Mdogo wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa kwenye steshenari ya Nansio akisubiri niutume wasifu kwa barua pepe, auchapishe, akausome kaburini. Wasifu usingefika, mama mdogo angezikwa kwa maneno ya mwenyekiti wa mtaa, aliyehamia pale juzijuzi. Mimi natumia kitochi, simu isiyo na intaneti, kwa hiyo kila kitu kilitegemea kompyuta mpakato na intaneti ya watu.

Nilianzia mgahawa mmoja wa Mirongo. Kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa, na chini yake ikaandika kwamba hakuna intaneti, kama mtu anayekuambia yupo nyumbani lakini usije. Nikazima waifai, nikawasha. Ule ukurasa wa kukubali masharti ukagoma kufunguka. Mhudumu akasema imekuwa hivyo tangu jana. Angesema mapema nisingeagiza chai.

Saa sita na nusu nilikuwa Mabatini, kwenye duka la vinywaji lenye kibao cha waifai ya bure. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba. Kalibu."

"Naomba nywila ya intaneti."

"Nini?"

"Pasiwedi."

"Aa. Kalibusana. Yote pamoja, helufi ndogo."

Nikaandika karibusana. Ikakataa. Nikaandika tena, polepole. Ikakataa. Nikadhani kompyuta bado inang'ang'ania mtandao wa Mirongo, nikaiamuru iusahau. Ikausahau, na bado ikakataa. Nikakagua tarehe na saa, nikaizima kabisa, nikaiwasha. Ilikuwa saa saba na robo.

"Mama, nywila yako ni mbovu."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akaja, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. K, a, l. Intaneti ikaingia.

"Si nilikwambia kalibu?" akasema. "We uliandika nini?"

Miaka yote nasikia L naandika R, bila hata kujua kwamba nimesahihisha. Kabla ya kutuma nikaufungua wasifu. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeweka maneno aliyoyasema mama mdogo kila jioni mlangoni, kwa yeyote aliyepita, hata kama ugali ulitutosha sisi watatu tu: "Karibuni mle." Hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Nikiwa kidato cha pili nilimsahihisha mbele ya wageni, na wiki nzima hakumkaribisha mtu. Niliona aibu kubwa zaidi pale dukani kuliko niliyoiona siku ile kwa matamshi yake. Nikafuta herufi moja, nikaweka nyingine, nikatuma.

Saa nane kasoro dakika kumi kitochi kikaita.

"Shikamoo, kaka. Wasifu umefika, nimeshauchapisha, niko nao hapa kaburini. Ila ukurasa wa pili umekosea, umeandika kalibuni. Nirekebishe kwa peni?"

"Marahaba. Usiguse. Soma hivyo hivyo, na simu usikate."

Nilisikiliza nimesimama katikati ya makreti ya soda. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, mikato yote mahali pake, na watu wakikohoa. Ukurasa wa pili mdogo wangu akasita, kisha akasoma: "Kalibuni mle." Kukohoa kukakoma. Halafu sauti nyingi za chini zikaitikia, kama walivyozoea kumwitikia mlangoni pake: "Asante, mama."

Mwenye duka aliniona nikijifuta macho, akauliza kama mtandao umekataa tena. Nikamwambia umekubali.