Beseni la Pumba

Kila nikipita mashineni hapa Makanyagio, harufu ya pumba za mahindi hunisimamisha kidogo.

Kwetu Mwamkulu tulikuwa na punda aliyezoea kupandwa. Baba alipotaka avute mkokoteni, punda alisikia magurudumu nyuma yake akasimama. Baba akamburuzisha gogo wiki nzima ili azoee. Gogo alivuta, mkokoteni alikataa. Mama ndiye aliyechukua beseni la pumba, akatangulia mbele, na punda akamfuata na mkokoteni mpaka kisimani.

"Unamharibu," baba alimwambia. "Siku hupo, atatembea huyu?"

"Kwani mimi naenda wapi?" mama alijibu.

Masika yale mama aliugua, akafariki. Jeneza lilipopakiwa kwenye mkokoteni, punda hakupiga hatua. Wanaume walimsukuma. Baba aliinua fimbo, halafu akaishusha bila kumchapa.

Niliingia jikoni, nikachota pumba, nikatangulia. Nyuma yangu nikasikia magurudumu yanaanza kulia.

Makaburini niliweka beseni chini. Wakati wanafukia, punda alikula pumba zote, akabaki analamba beseni.